Juniper wa Pili, Aliyevuka Mpaka wa Jua

Marehemu Juniper wa Pili, chombo chetu cha angani, alizaliwa katika karakana yetu hapa Pasadena, akaaga dunia, kwa maana halisi ya neno hilo, kutoka pwani ya Florida tarehe 14 Agosti 1978, saa nne na dakika sita asubuhi. Pacha wake alinyamaza mwaka 1991.

Kichwa chake kilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya ufunguo wa gari la leo, lakini alichofundishwa alikishika. Alitupigia picha za Jupita na Zohali, kisha akashika njia ya kutoka nje ya himaya ya Jua.

Hakufunga ndoa. Hata hivyo Lorna, mkewe kiongozi wetu Walt Ostrander, alimwita mke mwenza. "Nenda kwa bibi mdogo," alimwambia Walt kila Sikukuu ya Shukrani. "Bata mzinga nitamla mwenyewe!"

Ugonjwa wake ulikuwa kupungukiwa umeme. Tulitamani jambo moja tu: afike pale upepo wa Jua unapokoma, akiwa na chombo cha kuupima, tulichokiita sikio, bado kizima. Mahesabu yalisema umeme ungeisha mwaka 2017, miaka miwili kabla ya kufika mpaka huo.

Tarehe 6 Mei 2015, badala ya kuzima hita ya kamera ili kuokoa umeme, mtu alizima hita ya sikio. Amri ilichukua saa kumi na tano kumfikia. Kosa liligunduliwa baada ya muda wa saa sita, ikatumwa amri ya kulirekebisha, lakini amri zote huenda kwa mwendo mmoja. Sikio lingekaa kwenye baridi kwa saa hizo sita hata tungefanya nini.

"Mzee Walt, nimemuua!" alilia aliyekosea.

"Acha uchuro, binti. Jibu ni kesho alasiri. Wewe lete zile tamale zako za unga wa mahindi."

Siku ya jibu sisi hula pamoja. Siku hiyo hakuna aliyemeza kitu, mpaka Walt aliporuka kitini: "Linasikia! Jamani, limeganda na bado linasikia!"

Basi hita ile tukaizima moja kwa moja, na umeme uliookolewa ukamwongezea miaka. Tarehe 2 Novemba 2019, upepo wa Jua ukakatika ghafla kwenye skrini. Amevuka! Tulipiga kelele hadi sauti zikatukauka, na Lorna akambusu kila aliyekuwa mlangoni.

Daftarini Walt aliandika kwamba kuzima hita kulikuwa jaribio, na watu wamelisifu jaribio hilo miaka yote hii. Halikuwa jaribio. Aliyekosea ni mimi, Nadine Okura, ninayewasomea. Nililia kwa hofu siku ile, na leo nalia kwa furaha, mnisamehe.

Marehemu alinyamaza tarehe 19 Machi 2023. Ameacha Walt, mke mwenza Lorna, mimi, na wenzetu tisa. Kaburi hatuna. Tangu nianze kusoma karatasi hii, amesogea zaidi ya kilomita elfu mbili.

Wengine huombewa wapumzike. Wewe, Juniper, nenda kwa amani.