Mikono ya Refa wa Kimarekani

Benchi letu la Buguruni liko nje ya duka la Mwishehe, fundi cherehani, na jioni ile lilikuwa limeelemewa. Jumamosi, mabaharia wa meli ya Kimarekani walicheza besiboli kiwanjani. Mmoja akateguka mguu, wakamwita Kasiani, kuli wetu wa bandarini, ashike gongo badala yake. Kasiani akaupiga mpira, akakizunguka kiwanja mbio, akajitupa kwa tumbo kwenye kibao cha mwisho. Refa akainama, akatandaza mikono yote miwili. Basi! Tangu hapo hatujui kama alipata au alikosa. Na posa yake iko Ukonga kwa Mzee Leonardi, baba yake Filomena, ambaye alisikia habari nusu, na leo anapita kuulizia nusu iliyobaki.

— Sasa nimwambie nini mie? Kasiani akalalamika.

— Ulikosa, akasema Mwishehe. Mtu akitandaza mikono vile, maana yake hamna kitu. Hata mie mteja akija kuulizia suruali yake namfanyiaga hivyohivyo.

— Lakini walinibeba juujuu!

— Hata maiti hubebwa juujuu.

Didas, karani wetu kutoka Bukoba, akaweka kikombe chini.

— Nyie hamsomi. Yale ni mabawa. Refa alikuwa anasema umepaa kama ndege.

— Na yule baharia aliyeoneshwa dole gumba na refa, akatupa kofia chini? Mwishehe akauliza.

— Furaha ilimzidi.

— Mbona alimtukana refa?

— Ndiyo furaha ya Kimarekani hiyo, bwana!

Wakanigeukia mie, kwa kuwa vitani nilifika Kolombo na nimeshawaambia mara nyingi kwamba mchezo huu nimeuona. Nimeuona kweli: dirishani mwa jiko la jeshi, huku nikimenya vitunguu, machozi tele.

— Sikilizeni. Dole gumba ni kumwambia mtu apande lori arudi kambini. Mikono ikitandazwa, lori limejaa.

— Limejaa! Mwishehe akapaliwa na kahawa. Kwa hiyo Kasiani kakosa lori?

— Kakosa lori, kabaki mchezoni.

— Na kile kikapu alichovaa refa usoni?

— Vumbi la lori, ndugu yangu.

Tulikuwa bado tunacheka Mzee Leonardi alipotokea, vumbi la mpingo anaouchonga likiwa bado kwenye nyusi. Kasiani akasimama.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze. Mbio ulianzia wapi?

— Pale kwenye kibao, baba.

— Ukaenda wapi?

— Nikazunguka kote, nikarudi kwenye kibao.

— Kilekile?

— Kilekile, baba.

Mzee akafikiri, kichwa upande.

— Sasa kama ulikuwa unapataka palepale, uliondoka kwa nini?

Didas akatazama viatu vyake. Mwishehe akakumbuka suruali ya mtu. Mie, msafiri, nikaomba kikombe kingine. Muuza kahawa akanitikisia birika tupu.

Mzee akampiga Kasiani begani.

— Jumapili njoo nyumbani, tuzungumze. Ila uje unatembea. Na ukifika, ukae.