Shampuu ya Noreen

Kwenye tramu ya kwenda Coburg, mzee aliyeketi mbele yangu alitoa chupa ya shampuu ya lavenda mfukoni, akaifungua, akainusa. Mama wa kando yake, koti lake limeganda manyoya ya mbwa wake, akamuuliza ni ya mjukuu?

“Ya mbwa. Ngozi inambanduka magamba kama samaki.”

“Hiyo si ya watu, mzee wangu? Ndiyo inayomkausha. Mtafutie ya shayiri isiyo na manukato, kwa daktari wa mifugo zipo.”

“Noreen alimwogesha kwa hii, na mwenyewe akaogea hiihii. Jumamosi uani, redio inatangaza mpira, wote wamelowa chapachapa. Hujui nani anamwogesha mwenzake.”

Kituo changu kilikuwa kimeshapita, lakini mambo ya mbwa hayaachwi katikati.

“Noreen ni mkeo?” mama akauliza.

“Tulimzika Agosti.”

Mama akashusha sauti. “Pole, baba. Basi hiyo fulia mto wako, ulale na harufu yake. Mbwa mhurumie, anawashwa.”

Mzee akafunga kifuniko taratibu. “Mto hauji kunipokea mlangoni.”

Tramu ikasimama, mzee akashuka.