Ng'ombe wa Kukabidhiwa

Katika Noah ya abiria kutoka Kibosho, Bibi Mektrida alikaa kiti cha mbele akijifanya anasinzia. Nyuma yake mama mmoja, Elisifa, alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua.

"Karani wa kaya maskini alimkuta ng'ombe bandani kwangu. Akauliza, wa nani? Nikasema wangu. Sasa jina langu limekatwa kwenye orodha ya ruzuku."

"Kwani ni wa nani?"

"Nimekabidhiwa nimtunze, mzee wangu. Maziwa na mbolea ni vyangu, ndama ni wa mwenyewe. Lakini mwenye ng'ombe hatajwi kwa mgeni, ndivyo tulivyolelewa."

Mzee akacheka. "Basi umetajirika kwa mkia wa mwenzio!"

"Cheka tu. Watoto watatu wananitazama mimi. Leo naenda ofisini kumtaja mwenyewe."

"Ukimtaja, naye atakatwa."

"Na nisipomtaja?"



Bibi Mektrida alifumbua macho. Ng'ombe wake yeye yuko Kahe, kwa mjane mmoja. Karani alipokuja nyumbani kwake, Bibi alimwambia hana hata kuku, na kuku wenyewe walikuwa uvunguni, wakanyamaza kwa bahati tu. Hakuwahi kujiuliza yule mjane naye, alipoulizwa ng'ombe ni wa nani, alijibu nini.

Gari likasimama stendi. Elisifa akashuka, akaenda mbio mbio bila kuaga.

"Bibi, tumefika," alisema dereva.

"Mwanangu," akauliza, bado amekaa, "gari za Kahe zinapakia wapi?"