Muti wa Mzee Faradji Uliokatazwa Kuchanua

Wasikilizaji wapendwa wa Kasongo na Kabambare, munaotusikia mukimenya muhogo na munaotusikia mukisukuma velo, baiskeli zenu za mizigo, kwenye njia ya Wamaza, salamu kwenu. Leo tunamukumbuka Mzee Faradji, fundi wa kushona nguo wa hapa Kasongo. Tulimuzika Jumatatu. Fundi wa kushona, na mwenye muti mumoja wa flamboya, ule wa maua mekundu.

Muti ule aliupanda kwa ajili ya mutoto wake, Iliasi. Iliasi alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi. Hakurudi. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna habari. Sasa ni miaka kumi na moja.

Mbegu ya flamboya ni ngumu. Mimi nilitafuna moja, jino langu likahamia shavu la pili. Mzee alizikwangua kwa tupa, akazilowesha katika maji ya moto mpaka zikavimba. Moja tu iliota. Akaizungushia miiba, akaimwagilia kiangazi chote maji ya kunawia.

Watu walitaka kumusomea Iliasi hitima, kisomo cha marehemu. Mzee akaapa mbele ya musikiti: "Siku muti huu utachanua, tutasoma." Alijua flamboya inataka miaka mitano, sita. Alifikiri mutoto atafika kabla ya maua.

Mwaka wa sita, wasikilizaji wapendwa, mvua ya kwanza ilinyesha, vitumba vikatoka. Jirani yake Placide, mutengeneza velo, alimukuta juu ya matawi na mukasi wa kushonea.

"Mzee, unakata maua ya nini?"

"Ya mbuzi."

"Lakini hauna mbuzi!"

"Nitanunua."

Ikawa hivyo kila mwaka. Muti haukuchanua hata mara moja.

Sasa musikie. Flamboya ikichanua, inazaa maganda marefu, na yakikauka mbegu zinalia ndani kama njuga. Muti wa mzee haukuwa na ganda hata moja. Lakini kila kiangazi, bila upepo, tulisikia maganda yakilia mule juu. Munajua mimi naongeza chumvi. Hapa sijaongeza hata chembe. Mke wake, Mama Soraya, alikuwa akitoka, anainua kichwa, anauliza matawi: "Umekula?"

Mwaka huu mvua ilimukuta mzee kitandani na homa. Hakuna aliyepanda na mukasi. Siku ya tatu ya kilio, tumekaa kwenye mikeka, muti ukafunguka. Mwekundu wote. Maua yalianguka mpaka ndani ya sahani za wali. Shehe akakata kisomo katikati. Macho yote kwa Mama Soraya.

Placide akanong'ona: "Mama, kiapo kimefika. Tumusomee Iliasi pia?"

Mama Soraya akatoa ua katika sahani yake, akaliweka kando ya mukeka.

"Baba Iliasi ndiye aliapa. Mimi sikuapa. Shehe, endelea na ya mume wangu. Placide, kula."

Mama Soraya, pole sana. Pole kwa jamaa yote. Na wewe musikilizaji, kama kwenu iko mutu asiye na kaburi, mukumbuke leo kidogo. Usimuharakishe.

Na wewe Iliasi, kama uko karibu na redio yoyote: baba amekufa. Mama anasikiliza. Usiulize mutu njia. Nyumba ni ile yenye muti mwekundu, na mwaka huu hakuna atakayeukata.