Vifungo Viwili vya Juu

Jamani, wa jirani na mliotoka mbali, sogeeni mnisikie, maana wameniomba nisome kwa adabu na nisicheke, nami nimeitikia ila sikuapa, mimi ndiye dada mkubwa wa marehemu, shangazi wa hawa watoto, na huyu tunayemsindikiza leo ninyi mlimwita Fundi Pindo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, kwenye chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, mama mshonaji, baba mlinzi wa geti, akalia mara moja akanyamaza, mkunga akasema huyu atakuwa mtu wa kimya, mkunga naye!

Shule ya msingi aliianza mwaka 1961 akamaliza 1967, hesabu alikuwa anaziweza, ila daftari zima kachora makoti, baba akaona isiwe tabu, akampeleka kwa fundi mmoja mkali mwenye rula ya chuma, akafundishwa na kuchapwa vyote kwa pamoja, na Januari 1979 akafungua karakana yake mtaa wa soko, dirisha moja, cherehani mbili za miguu, pasi ya mkaa, na lile benchi refu ambalo wengi wenu hapa makalio yenu yanalikumbuka, mimi mpaka leo nikisikia harufu ya kitambaa kilichopigwa pasi naona nimerudi pale mlangoni, namwona anakunja uso na pini mdomoni.

Alimwoa wifi yangu, mwalimu, ulimi kama wembe, tarehe 6 Septemba 1980, wakapata watoto wanne, wa kwanza 1981, mapacha 1984 na kitinda mimba 1990, na nyumba ile ilikuwa raha tupu, ila ilikuwa na vyama viwili vya siasa, mume bluu, mke kijani, vyote vya mabadiliko, vyote vinataka shule bure na maji bombani, tofauti yao mimi sijaielewa hadi leo, na nimeuliza.

Sasa Oktoba 1995, chama cha bluu kikamsimamisha kaka kugombea kiti cha baraza la mji, na chama cha kijani, bila haya, kikamsimamisha mkewe, kiti hichohicho, asubuhi wanakunywa chai meza moja, jioni wanachambana sokoni, wifi akashika kipaza sauti akasema, "Huyu hajui hata chumvi ya nyumbani kwake inakaa wapi, ninyi mnataka kumpa mji?", kaka akakipokea akajibu, "Nitajuaje, na kila siku unaihamisha!", watu wakaanguka kwa kicheko, mimi nikiwa wa kwanza, lakini kura zilipohesabiwa akapita yule wa chama kikubwa, ambaye ukijumlisha kura za mume na mke anabaki nyuma kama mkia, basi wakarudi nyumbani, jiko limepoa, kila mmoja alidhani mwenzake kapika, wakatazamana, wakacheka mpaka wifi akakaa sakafuni.

Kicheko kilipoisha kaka akasema haitatokea tena, na kila Jumamosi akawa anawaita viongozi wa bluu na wa kijani karakanani, benchi moja, kwa sharti lake la ajabu, anayetaka kusema aseme huku anashona kifungo, kifungo kikishika na maneno yameisha, maana mwenye sindano mkononi hapigi meza, akakubali hata huyu mwanasheria wetu, kiongozi wa bluu, ambaye siku ya kwanza alishona shati la mteja pamoja na suruali yake mwenyewe, akainuka kutoa hoja na shati likainuka naye, nisameheni, nilisema sikuapa.

Basi mwaka 2000 vyama vyote viwili vikasimamisha mgombea mmoja, wifi, akashinda, na kaka ndiye aliyembebea kipaza sauti, kisha akaanza kudai sheria ya kura ibadilishwe, mpiga kura aandike chaguo la kwanza na la pili, akiwaeleza wateja hivi, "Kitambaa ulichotaka kikiisha nikupe cha pili, si nikurudishe nyumbani uchi", na sheria hiyo bado inapigwa danadana bungeni, lakini wanaoidai sasa ni wengi, naye aliwavalisha nusu yao.

Februari 2023 moyo ukaanza kumsumbua, karakana ikafungwa, Jumamosi zikafa, na bila benchi lile mwanasheria na huyu mama muuguzi, kiongozi wa kijani, wakarudia yaleyale, kila mmoja anataka kusimama yeye kugombea kiti kile cha baraza, na majina ya wagombea yanapokelewa mwisho Ijumaa hii, jambo hilo lilimkosesha usingizi kuliko moyo wenyewe, akajishonea kitandani shati jeupe la kuzikwa nalo, akaniambia, "Dada, vifungo viwili vya juu sijavishona, usiviguse, waachie wale wawili", akafariki Jumapili tarehe 15 Juni 2025 alfajiri, mkono wake ukiwa kwa mkewe.

Leo asubuhi nikawaita wawili hao chumbani kwake, nikawapa sindano, nikafunga mlango nikakaa nje, nikasikia sauti zinapanda, zikashuka, kisha wakatoka macho mekundu, mwanasheria akasema, "Shangazi, asimame muuguzi, mimi nitabeba kipaza sauti."

Familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliopika na kutupa viti vyenu, mafundi wenzake mliofunga maduka leo, na walimu wenzake wifi.

Mkipita kumuaga mtaona kifungo kimoja kimenyooka, muuguzi kazoea kushona watu, kingine kimekaa upande kama kofia ya mlevi, kaka angekifumua palepale, nami nilishika mkasi, wifi akanizuia, akasema kiache, kimeshika.

Lala salama, fundi, benchi tumelifuta vumbi, Jumamosi tunafungua.