Mama Ritifaa Anaondoka, Fagio Linabaki

Mama Ritifaa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kupanga kurasa cha kiwanda chetu. Nimeombwa niandike mimi, fundi wa mashine ya kuchapa, kwa sababu nimetembea nchi za watu na mdomo wangu hauna breki. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo nukta zikikosewa humu, mwenyewe atazisahihisha kabla hajakata keki.

Alianza kwa kupiga chapa. Kompyuta zilipokuja, miswada ikaanza kuletwa na uchafu wa kila aina: nafasi mbili mbili, mikato iliyopotea, alama za kunukuu zilizoachwa wazi kama mlango wa choo. Alizisafisha kwa jicho na kidole, kutwa nzima, mpaka mkwewe alipomfundisha kuandika programu ndogo ya kufanya usafi huo. Sisi tukaiita Fagio.

Kazi ya kwanza ya Fagio ilikuwa kitabu cha ufugaji. Kila lilipokuta ng'ombe, lilidhani ile ritifaa, kile kijialama cha juu kati ya g na o, ni mtu anaanza kusema, likafungua nukuu na kumngoja amalize. Ng'ombe wakahutubia kitabu kizima. Mama akashinda wiki akilifundisha adabu, na jina la Mama Ritifaa likamganda.

Tulicheka sana. Kicheko kilikwisha siku ya kijitabu cha dawa za watoto wachanga.

Alikuwa ameliongezea Fagio kanuni mpya: kila baada ya nukta, weka nafasi. Kanuni nzuri tu, maana wapiga chapa walikuwa wakibananisha sentensi. Kurasa zilishasomwa na kupitishwa kabla ya kanuni hiyo, mteja akabadilisha neno moja dakika za mwisho, Fagio likapita tena, kazi ikaja kwangu moja kwa moja. Mashine ikanguruma. Mama akaja kuokota karatasi mbovu ya kuwekea kikombe chake cha chai, akaitupia jicho, kikombe kikamponyoka.

Dozi ilikuwa mililita 0.5. Fagio liliona nukta, likaweka nafasi, na mstari ukakatikia hapo hapo. Sifuri na nukta yake zikabaki juu. Chini, mwanzoni mwa mstari, ikasimama tano peke yake. Mzazi mwenye mtoto anayechemka homa angesoma tano.

Vifurushi vya kwanza vilishaondoka. Mama alitoka mbio, viatu mkononi, nami nyuma yake nikihema kama jenereta bovu. Dereva aliyevibeba tulimkuta kwenye foleni ya mafuta. Alipotuona tulivyo, akauliza nani amekufa. Mama akamjibu kwamba bado.

Tangu siku hiyo hakuna tarakimu iliyopita kwenye Fagio bila kusomwa upya kwa kidole chake. Alisoma akiwa na mafua, alisoma wiki ya harusi ya bintiye. Sisi tuliizoea hofu yake, tukailalia kama godoro.

Ndiyo maana tangazo la meneja la mwezi huu lilitushtua. Limesema kuanzia Jumatatu Fagio lifanye kazi lenyewe, bila msomaji, kwa kuwa miaka yote hii hakuna kosa lake lililomfikia mteja. Na kazi ya kwanza Jumatatu ni toleo jipya la kijitabu kile kile. Wapanga kurasa walisoma tangazo, wakarudi kwenye viti vyao, hakuna aliyegusa kompyuta.

Mama hakugomba. Wiki hii ameandika kanuni yake ya mwisho: Fagio likikuta tarakimu linasimama kabisa, wala haliendi mpaka mtu akae, asome, abonyeze. Meneja akauliza mtu huyo atakuwa nani. Akanitaja mimi. Chumba kizima kiliangua kicheko, nami nikiwemo, maana hata barua ya shemeji huwa naisoma kwa kubahatisha. Yeye hakucheka. Alisema kusoma tarakimu najua, na kwamba siku ile ya foleni ya mafuta alisikia meno yangu yakigongana. Meneja alitutazama kwa zamu, kisha akakubali.

Asante, Mama, kwa watoto wote ambao hawatajua kamwe kwamba uliwahi kuwakimbilia. Tunakutakia afya, wajukuu watundu na usingizi mzito usio na tarakimu. Sisi wa Jumatatu tunaogopa, kama ulivyotaka.