Askari wa Mkeka

Bwana D.O., na kofia yako hiyo nzuri. Bwana Chifu Mogire, ambaye nilimjua akiwa bado anatembea bila suruali. Wazee wa kanisa, Wasabato na Wakatoliki, leo mmekaa benchi moja na hakuna aliyeungua. Akina mama wa Ekerenyo na wageni wetu wa Gesima. Na nyinyi wadogo mlio mgongoni, ambao ndio wakubwa wa shughuli hii: hamjambo!

Mimi ni Machogu. Sikusoma. Masomo yalipopita kwetu nilikuwa nachunga ng'ombe, na ng'ombe walinona. Nimeambiwa niongee kidogo tu, kumuaga Mama Drusilla Nyanchera anayestaafu leo, na kumkaribisha Bitutu anayeshika kazi yake. Lakini nitaongeaje kidogo, na hadithi ya hawa wawili mnaiharibu kila siku? Kule Suneka wanasema mtoto alitumbukia mtoni. Gesima wanasema aliokolewa na daktari aliyekuwa anapita na baiskeli. Daktari gani? Na juzi nimesikia kijana mmoja hapa sokoni ameongeza chui! Nyamazeni. Mwenye macho asimulie.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nane. Serikali ilituletea Drusilla afundishe michezo, mwembamba kama ufito, na mpira mmoja na ngoma moja. Sisi wanaume tukafurahi, tukajua ni futboli. Nikachimba mashimo ya goli mimi mwenyewe, kwa mikono hii, asubuhi moja tu. Mtu mwingine angechukua wiki. Kumbe mama anaita wasichana. Tena si wasichana wa shule, anaita abareri, wale watoto wanaobebeshwa watoto, mama zao wakienda kuchuma chai.

Omoreri mnamjua. Ni msichana wa miaka minane, tisa, ana mtoto mgongoni toka umande mpaka jioni. Wenzake wakiruka kamba, yeye anatazama. Nani aliwahi kumuuliza kama anataka kucheza? Nani aliwahi kumfundisha kitu, zaidi ya kumwambia, "Huyo akilia, nitakuchapa"?

Drusilla akatandika mkeka mkubwa kando ya uwanja, akasema, "Wekeni watoto hapa. Wote mtacheza netiboli isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ndiye askari wa mkeka." Akamfunga huyo mmoja kitambaa chekundu begani. Askari hatazami mpira. Anatazama midomo, anatazama mikono, anatazama kila kitu kinachotambaa. Na kazi hiyo walifundishwa kwa mchezo. Aliweka mawe matatu ya jiko kwenye nyasi: ukipita katikati na mtoto, umeungua, toka, na wenzako wanakuimbia umwagie maji baridi, usipake mavi ya ng'ombe. Aliwasukia watoto wa maganda ya mgomba, wakajifunza namna ya kumlaza mtoto aliyekabwa na kitu kooni, kichwa chini, na kumpiga katikati ya mabega. Sisi wazee tulicheka mpaka tukakohoa. "Serikali imeleta mtu wa kufundisha watoto kupiga migomba!"

Lakini mimi niliona mapema. Niliona wasichana wanagombania kile kitambaa kuliko wanavyogombania mpira.

Sasa, siku yenyewe. Jumapili, Wasabato wameshamaliza Sabato yao, Wakatoliki wametoka misa, kwa hiyo hakuna mwenye kisingizio. Gesima wamekuja kucheza na sisi. Watoto wa pande zote mbili wako kwenye mkeka mmoja, na askari ni Bitutu, miaka tisa, shingo kama ya kifaranga. Watu wanatafuna mahindi ya kuchoma na kupiga kelele. Punje ikaanguka kwenye mkeka. Mtu mmoja, na jina lake nalijua, Bwana Chifu usiiname hivyo, hakuiona.

Ishmael wa Gesima, bado anatambaa, aliiona. Akaiweka mdomoni.

Hakulia. Sikilizeni vizuri, akina mama: aliyekabwa halii. Uwanja mzima unatazama mpira, na mtoto anageuka rangi kimyakimya kama jioni inavyoingia. Bitutu peke yake ndiye alikuwa anatazama midomo. Akamnyakua, akamlaza juu ya paja, kichwa chini, paa! Paa!

Nyanya ya mtoto, Persis, akageuka wakati huo huo. Yeye anaona nini? Anaona msichana wa Ekerenyo anamtwanga mjukuu wake, na Ekerenyo wamefungwa sasa hivi.

"Wewe! Mmeshindwa mpira, mnamalizia hasira kwa mtoto wetu?"

"Nyanya, ngoja! Kitu imekwama!"

"Nitakukwamisha wewe!"

Akaja na kikapu juu. Persis, usinitazame hivyo, ulikuja! Mimi nikaruka katikati kama simba, kikapu kikanipata hapa, mpaka leo mvua ikikaribia panauma. Na Bitutu hakuinua hata kichwa. Paa! Punje ikatoka. Kisha Ishmael akalia. Mimi nimesikia ngoma, nimesikia kwaya, lakini kilio kile bado nakisikia. Persis akakaa chini kwenye nyasi, akajifunika kikapu kichwani. Ishmael, simama watu wakuone. Mnaona mashavu hayo?

Na Bitutu akafunga vizuri kitambaa chake, akasema maneno ambayo Bwana D.O. ameyaandika kwa rangi kwenye ukuta huu nyuma yangu: "Mchezo uendelee. Mimi naangalia watoto."

Sasa nasikia mnanong'ona. "Bitutu ni mdogo. Hajazaa. Atawezaje kazi ya Drusilla?" Na wengine mmeshasema Jumapili ijayo hamleti abareri wenu. Kwa sababu hiyo, leo asubuhi nilimuomba Bitutu ruhusa ya kusema jambo moja, akacheka, akasema, "Sema tu, mzee."

Bwana D.O., ukuta ni mzuri, usiufute. Lakini yale maneno ni yangu. Niliyatunga njiani nikienda nyumbani. Bitutu hakuyasema. Baada ya mtoto kulia, yeye alianza kutetemeka, meno yanagongana, akasema, "Namtaka mama." Basi. Mama yake alikuwa mbali. Drusilla akafungua leso yake kiunoni, akamweka mgongoni msichana mzima wa miaka tisa, miguu inaning'inia, akamfunga, akamzungusha uwanja wote polepole mpaka akalala. Nikatunga yale mengine ili wenzake wasimcheke.

Aliogopa sana, na mkono haukusimama. Mtu asiyeogopa, mimi simpi mjukuu wangu.

Drusilla, umebeba vya kutosha, pumzika mgongo. Bitutu, kitambaa hiki hapa. Nawashukuru wote kwa masikio yenu. Sasa ndiyo naweza kusema bila uongo: mchezo uendelee.